Kipimo cha Nne

Jumatatu, 4 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, nami nimeanza daftari. Daktari Noëlla ndiye aliyeniomba. Anataka kila mmoja wetu katika utafiti wake aandike maneno pamoja na namba, msimu mzima wa mvua hadi Desemba. Nilimwambia kwa simu kwamba mimi si mtu wa maneno. Akasema basi andika kwa kifupi. Tutaona.

Namba kwanza, kwa kuwa ndizo kazi yangu. Uzito kilo 58,4. Mzunguko wa mkono sentimita 27,1. Kiuno 76. Mafuta chini ya ngozi, kwa kibano: mbele ya mkono milimita 8, nyuma ya mkono 17, juu ya nyonga 19. Kipimo cha nne, mgongoni chini ya bega: hakuna.

Hakuna, kwa sababu mgongo wangu uko nyuma yangu na mimi naishi peke yangu.

Jumatano, 6 Septemba

Daktari anasema niandike pia mimi ni nani, hata kama yeye anajua. Haya. Kwenye kitambulisho ni Umurerwa Consolée, mwanamke, miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Pinga, mpimaji wa lishe katika kituo cha afya cha Rutare, huku milimani juu ya Masisi. Kwenye utafiti ni Namba 7. Ndani yangu, tangu nilipokuwa na miaka kama tisa, ni mwanaume, na jina langu ni Rukundo. Jina hilo sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu yeyote akiniita mimi.

Tangu Mei najidunga homoni ya kiume kila baada ya wiki tatu. Tuko kumi na mmoja tunaotumia dawa hizi katika utafiti wa Daktari. Anataka kujua mafuta yetu yanahamia wapi, misuli inaongezeka kiasi gani, kwa sababu hesabu zote zilizomo vitabuni zilitengenezwa kwa miili ya watu wengine. Kumi wako Goma, na wanapimana wao kwa wao, naambiwa hata chai wanakunywa pamoja baadaye. Mimi niko huku na ng'ombe.

Amenipa mizani ya betri inayopitisha umeme kidogo miguuni na kusema una mafuta asilimia ngapi. Ila kabla ya kusema lolote, inakutaka ubonyeze picha: mwanaume au mwanamke. Nilibonyeza mwanamke, ikasema 30. Nikabonyeza mwanaume, miguu ileile, dakika ileile, ikasema 22. Nilicheka peke yangu jikoni. Daktari anasema niiamini kwa kilo tu. Kibano ndicho ninachokipenda. Kinashika ngozi, kinasema milimita, hakikuulizi swali.

Vyote viwili navificha katika gunia la maharage, chini kabisa.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku ya kupima. Watoto thelathini na nane. Matope hadi kwenye vifundo vya miguu.

Lazima niandike kuhusu Mama Thacienne, maana yeye ndiye mvua ya pili ya msimu huu. Ndiye mkubwa wa mizani yetu, miaka kumi na tisa sasa kazini, mwimbaji wa kwaya, mwenye mikono minene na sauti inayovuka bonde. Kwake hakuna namba inayosomwa kabla ya jina kutajwa. Mama anataja jina la mtoto, Thacienne analirudia. Kisha Thacienne anasoma namba, mimi nairudia, ndipo naandika. Kila kitu kinasemwa na watu wawili. Zamani watoto wawili waliokuwa wakiitwa Uwitonze walibadilishiwa namba, na yule aliyestahili kupewa chakula cha dawa akarudishwa nyumbani. Kila wakija akina mama wapya anawasimulia hivyo. Mwisho wake hausemi, na hakuna anayeuliza.

Mimi namwogopa. Anaona kila kitu na anasema kila anachoona. Leo, mbele ya foleni nzima, nilipokuwa narudia namba, akasema, "Consolée, hii sauti yako iko ya mafua ao umeanza uzee?" Akina mama wakacheka hadi watoto wakaacha kulia. Nikacheka pia. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua. Watoto thelathini na mmoja.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimeshuka Masisi kuchukua mzigo wa Daktari dukani kwa Mama Anastasie, yule mfanyabiashara wa Butembo ambaye pikipiki zake zinapanda na kushuka njia yote ya Goma. Hunipa kifurushi kikiwa kimefungwa vilevile, na kila mara huniambia nipone haraka. Nimemwambia ni dawa ya damu. Chupa mbili, moja ya leo na moja ya katikati ya Oktoba. Nilinunua na jibini, nikala njiani nikiwa nimesimama. Ukungu ulikuwa mzito hata sikumwona mwenye nyumba wangu hadi aliponisalimu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Uzito 58,9. Mkono 27,4. Mbele ya mkono 7, nyuma 15, nyonga 17. Cha nne hakuna.

Jumanne, 3 Oktoba

Leo Mama yangu alipiga kutoka Pinga. Kwa wiki nyingi nimekuwa namjibu kwa ujumbe tu, nikisingizia mtandao. Leo nilikuwa nimepanda malishoni, mahali pekee ambapo simu inashika vizuri, nikisubiri simu ya Daktari, na ilipolia nikapokea bila kuangalia jina.

Nilisema allô. Kisha Mama akasema, kwa ile heshima anayoitumia kwa wageni, "Samahani, kaka. Niko natafuta mutoto yangu Consolée. Hii si namba yake?"

Ningeweza kusema ni mimi. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Badala yake nilisema, "Iko yake, Mama. Ametoka. Nitamwambia."

Akanishukuru. Akaniuliza kama Consolée anakula vizuri, kama bado anakohoa, kama mvua imeharibu paa lake. Nikamjibu yote: anakula, hakohoi, paa ni zima. Akasema, "Mungu akubariki, kaka, umuangalie mutoto yangu," akakata.

Kwa mara ya kwanza maishani Mama yangu ameniita kaka. Nimelisubiri neno hilo miaka ishirini, na nimelipata kwa kumdanganya. Nilikaa kwenye nyasi zenye maji hadi ng'ombe wakaja kuninusa. Nina furaha na nina aibu na sina wa kumwambia hata moja kati ya hayo, isipokuwa daftari hili.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimejaribu kujipima mgongo. Nilifunga kibano kwenye mwiko wa ugali kwa kamba, nikasimama kati ya vioo viwili, kimoja cha ukutani na kingine kwenye kiti. Nimepata 11, kisha 23, kisha alama nyekundu ya kufinywa. Kazi bure.

Jumanne, 17 Oktoba

Daktari amepiga. Ana upole lakini hazunguki. Hesabu yake inajumlisha sehemu nne, na kwa anayekosa moja hakuna jumla. Karatasi zitafungwa Jumamosi ya tarehe 2 Desemba. Ikiwa hadi hapo hakuna kipimo cha nne hata kimoja, kilichochukuliwa na mtu wa pili na kusainiwa, mstari wa Namba 7 utatolewa. Alinihakikishia dawa nitaendelea kupata. Ni mstari tu.

Ni mstari tu. Lakini ndio mahali pekee duniani ambapo nimeandikwa jinsi nilivyo. Kila kwingine, kanisani, kazini, kwa Mama, ameandikwa mtu mwingine. Sitaki kufutwa hapo. Nimelia, na naandika kwamba nimelia.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimeandika 16 kwenye nafasi ya nne, kwa penseli. Nikaangalia kwa dakika kumi. Mwaka jana nilimgombeza mpimaji mwenzangu hadi akatoa machozi kwa kubuni uzito wa mtoto. Nimefuta.

Ijumaa, 20 Oktoba

Watoto hamsini na mbili. Risasi zinasikika upande wa bonde, mbali. Akina mama wapya wamekuja na magodoro kichwani.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimemchagua Viateur. Yeye ndiye muuguzi mkuu wetu, Titulaire, kama tunavyomwita. Hajawahi kuinua sauti. Alienda Goma kwenye mafunzo ya haki za wagonjwa, akarudi na karatasi akaibandika ukutani ofisini: kila mgonjwa ana haki ya siri yake. Nimeisoma mara nyingi nikisubiri saini. Nitamwambia Ijumaa baada ya kazi. Nimefanya mazoezi ya maneno mbele ya sufuria.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nilibaki hadi kila mtu alipoondoka. Viateur alinikaribisha chai ya maziwa. Ili nifike ninapotaka, nilimwuliza yale mafunzo ya Goma yalikuwaje, na kama walizungumzia watu wa kila aina.

Akatabasamu. Akasema ndiyo, mwezeshaji mmoja alijaribu kuwaingizia habari za wanawake wanaotaka kuwa wanaume. Yeye aliinuka akatoka nje hadi somo hilo lilipokwisha.

"Haki iko ya bantu," alisema, yaani ya watu. "Bale ni kitu ingine. Siku moja akija hapa kwangu, minaita wakubwa wa mulima bamutoe." Wakubwa wa mlima ni wale wenye bunduki.

Alisema kwa upole uleule anaoutumia kumwambia mama kwamba mtoto wake amepona. Kisha akaniongezea maziwa, kwa kuwa anajua nayapenda mengi. Nilikunywa yote. Nilimshukuru. Nilitembea nyumbani na karatasi ile ya ukutani machoni, na sasa sina mtu.

Ijumaa, 3 Novemba

Barabara imefungwa. Mama Anastasie ametuma ujumbe kwamba pikipiki hazipiti na hajui lini. Sindano ilikuwa ya leo.

Jumanne, 7 Novemba

Watoto tisini na moja. Rejista imejaa, tunaandika kwenye karatasi.

Mama Thacienne hakuketi tangu asubuhi. Mchana nilimwona akimpa mama mmoja kitenge chake mwenyewe, kisha akamfokea kwa kuchelewa. Sijui nimwandike vipi.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Watoto themanini na nne. Mama amepiga mara mbili, sikupokea.

Alhamisi, 16 Novemba

Damu ya mwezi imerudi. Sitaandika zaidi.

Jumanne, 21 Novemba

Nyonga, iliyokuwa 15 mwanzoni mwa mwezi, leo ni 16. Nilijipima haraka kituoni kabla ya foleni, ndani ya stoo, na kuandika kwenye karatasi ya kwanza niliyoishika.

Ijumaa, 24 Novemba

Hii itakuwa ndefu.

Baada ya kazi Viateur alituita ofisini, mimi na Mama Thacienne, kwa ripoti ya mwezi. Alikuwa na karatasi zetu mezani. Akapitisha kidole, akasimama, akavua miwani.

"Mutoto gani huyu," aliuliza, "iko na mukono wa sentimita makumi mbili na saba?"

Nilijua kabla hajageuza karatasi. Watoto wetu wana mikono ya kumi na mbili, kumi na tatu. Wakubwa kabisa kumi na sita. Na hapo, kati ya watoto wawili wa Jumanne, kwa mwandiko wangu, bila jina: mkono 27,6. Mbele 7, nyuma 13, nyonga 16. Mimi ninayerudia kila namba mara mbili nilikuwa nimejiandika katika orodha ya watoto wenye njaa.

Viateur akasema tena, taratibu, kwamba namba zile tatu za mwisho hazijui kabisa, na kwamba angependa aelezwe. Alinitazama mimi.

"Iko yangu," alisema Mama Thacienne. "Nilikuwa najaribu utepe mupya."

Viateur akautazama mkono wake. Kila mtu angeutazama. Mkono ule haujaona ishirini na saba tangu alipokuwa darasani.

"Mukono yako, Mama Thacienne?"

"Nilifunga kula, Titulaire. Novemba nzima, juu ya amani."

Alisema bila kupepesa macho. Viateur akacheka, akapiga mstari juu ya namba zangu, akatuaga. Nadhani aliona ni mambo ya wanawake.

Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mama Thacienne akanivuta ndani ya stoo, kati ya maboksi, akafunga mlango. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. Akauliza zile namba tatu ndogo ni za nini. Nikasema ni mafuta chini ya ngozi. Akauliza kwa nini tatu. Nikasema zinatakiwa nne.

"Na ya ine?"

"Haiko, Mama. Iko mugongoni. Sina wa kunipima."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na hofu, na nikasema yote: sindano, utafiti, Goma, tarehe mbili, na mimi ni nani. Sikusema jina. Alisikiliza akiwa ameweka mkono kwenye boksi. Nilipomaliza, alifungua mlango akaondoka kwenye mvua bila mwavuli na bila neno.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimefunga mkoba. Nikifukuzwa sitangoja kusukumwa. Ila sijui niende wapi: barabara ya Goma imefungwa, na Pinga kuna Mama, anayemtafuta binti yake.

Jumapili, 26 Novemba

Nimeenda misani nikakaa nyuma. Mama Thacienne aliimba. Hakunitazama. Wimbo wote nilisubiri ageuke anioneshe kwa kidole. Miezi mitatu namwogopa kwa mdomo wake, na sasa naogopa ukimya wake zaidi.

Jumanne, 28 Novemba

Watoto sabini. Ananisomea namba, narudia. Zaidi ya namba, hakuna neno. Akina mama walimwuliza kama anaumwa.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimetembea hadi malishoni kumwambia Daktari afute mstari wangu. Mtandao haukushika. Nimerudi nimelowa.

Ijumaa, 1 Desemba

Mtoto wa mwisho, wa sitini na sita, aliondoka saa tisa. Nilikuwa nafuta ubao wa urefu. Viateur alikuwa ameshuka Masisi na ripoti. Mama Thacienne alifunga mlango kwa komeo, akakausha mikono kwenye kitenge.

"Lete ile kibano," alisema.

Kilikuwa mkobani. Tangu Jumamosi nilikuwa natembea na vyote nilivyo navyo. Nilimpa. Alikifungua na kukifunga mara kadhaa, akakijaribu kwenye kidole chake mwenyewe, akaniambia nimwoneshe mahali. Nikaonesha kwenye bega la mtoto aliyechorwa kwenye bango la chanjo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha alisema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema.

"Niko napima bantu miaka kumi na kenda. Unafikiri sikuone bega zako? Tangu mwezi wa saba naona. Mimi sielewe hii kitu. Niliomba Mungu siku zote hizi anielezee, hakunielezea. Nitaendelea kumuuliza. Lakini mugongo inapimwa na muntu wa pili. Geuka."

Nikageuka. Nikavuta shati juu. Mikono yake ilikuwa baridi kwa maji ya kunawia, na nilishtuka, kwa kuwa hakuna mtu aliyeugusa mgongo wangu tangu nikiwa mtoto nyumbani. Alitafuta mfupa kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyomtafutia mtoto mchanga. Akashika ngozi. Nilisubiri namba.

"Jina?" aliuliza.

Nikasema Consolée.

Hakusoma. Kibano kilikuwa bado kimenishika.

"Nimeuliza jina," alisema. "Sitaki namba iende kwa muntu mwingine."

Nikamfikiria Uwitonze, yule aliyerudishwa nyumbani. Nikiwa nimeutazama ukuta nikasema, "Rukundo."

"Rukundo," alirudia, kwa sauti ileile ya kila Jumanne na kila Ijumaa, iliyovuka bonde ikarudi. "Kumi na ine, virgule mbili."

Ilikuwa zamu yangu kurudia, nami bado nilikuwa nalisikiliza lile jina. Akasema nisiporudia yeye haandiki. Nikarudia. Akapima mara ya pili, kumi na nne kamili. Mara ya tatu, kumi na nne nukta mbili. Kila mara aliuliza jina kwanza, na kila mara nililitaja, na mara ya tatu sauti yangu haikutetemeka.

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Penye mpimaji wa pili akaandika Thacienne Niyonsenga, akasaini, akapuliza wino ukauke. Nitapanda malishoni kesho asubuhi kuipiga picha karatasi na kuituma kabla haijafungwa. Nilivaa shati langu. Nilitaka kumwambia mengi, yeye alikuwa tayari anafunga kitenge cha kichwani, akinung'unika kwamba niliacha chaki kwenye maji.

Mlangoni akageuka. "Mwezi unaokuja, tarehe ngapi?"

Nikamweleza kwamba haitakiwi tena. Utafiti umekwisha, karatasi zinafungwa kesho, na hata dawa haijulikani itafika lini.

"Nimeuliza tarehe," alisema.

Nikamwambia tarehe mosi. Akachukua kalamu ya rejista na kuiandika kwenye kiganja chake, akafungua komeo, akatoka kwenye mvua.